Je, Wajua? Mishale ya Kweli, Moto wa Kweli

Je, wajua kwamba mojawapo ya filamu za Macbeth zinazosifiwa kuliko zote haina hata sentensi moja iliyoandikwa na Shakespeare? Hamna Macbeth humo, hamna Uskochi, hamna Mfalme Duncan. Kuna samurai, ukungu, farasi, na mke mwenye sauti ya chini inayotisha kuliko upanga. Sogea karibu msomaji, leo mzigo ni mkubwa.

Filamu yenyewe ni Kumonosu-jō, yaani Ngome ya Utando wa Buibui. Wazungu wanaijua kwa jina la Throne of Blood. Mwongozaji ni Akira Kurosawa, mzaliwa wa Tokyo, 1910, na ilianza kuonyeshwa Januari 1957. Ina dakika 110, na hakuna hata moja ya kutoka kwenda kununua karanga.

Tuanze na mishale. Mwishoni mwa filamu jemadari Washizu, huyo ndiye Macbeth wa Kijapani, anasimama kwenye roshani ya ngome yake na mishale inamnyeshea. Ilikuwa mishale ya kweli, ndugu yangu! Wapiga upinde hodari walikaa nje ya picha wakawa wanaifyatua, nayo inajikita kwenye mbao kando ya mwigizaji kwa kishindo unachokisikia mpaka kwenye meno.

Hebu sasa mtazame mwigizaji huyo, Toshiro Mifune, anavyopunga mikono. Ulidhani ni hofu tu? Mikono ile ilikuwa ishara: aliwaonyesha wapiga upinde upande anaotaka kukimbilia, wasije wakamtoboa. Macho yake yaliyotoka pima, hayo sidhani kama aliyafanyia mazoezi. Mshale wa mwisho kabisa, ule unaopenya shingo, ni kiinimacho cha sinema. Usiwe na wasiwasi, Mifune aliishi hadi 1997.

Na nani aliyekuwa anamrushia Washizu mishale hiyo? Askari wake mwenyewe! Kwa Shakespeare, Macbeth anauawa na adui yake Macduff, mmoja kwa mmoja, panga mkononi. Kurosawa akaona hiyo ni heshima kubwa mno kwa msaliti, akamwachia auawe na watu aliokuwa akiwapigia kelele dakika moja iliyopita.

Mifune huyo, wajua alizaliwa wapi? Qingdao, China, mwaka 1920, na alikulia huko. Japani aliikanyaga mara ya kwanza akiwa kijana aliyeitwa jeshini. Baada ya vita aliomba kazi ya kamera kwenye kampuni ya filamu ya Toho, maombi yake yakaishia kwenye usaili wa waigizaji wapya. Akacheza filamu 16 za Kurosawa.

Ngome je? Ilijengwa juu kwenye miteremko ya mlima Fuji, mahali penye ukungu wa bure na udongo mweusi wa volkano. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa na kambi jirani walisaidia kuijenga. Fikiria: ngome ya Macbeth, mlimani Japani, inasimamishwa kwa misuli ya Wamarekani.

Bado. Sehemu nyingine za ngome hiyo zilijengwa Tokyo, na udongo wa Tokyo hauna weusi ule. Wakafanyaje? Wakausomba udongo wa Fuji mpaka Tokyo! Kurosawa alitaka kuta nyeusi, deraya nyeusi na ardhi nyeusi, vyote vikizama na kuibuka kwenye ukungu mweupe.

Ukungu huo una mchezo wake. Washizu na rafiki yake Miki wanapotea wakitoka vitani. Farasi wanakuja mbio kuelekea kamera, wanageuka, wanatokomea, wanarudi tena. Hesabu mwenyewe: mara 12. Mwongozaji mwingine angekata baada ya mara ya pili, lakini kufikia ya nane hivi wewe mtazamaji nawe umeshapotea.

Je, wajua kwamba Shakespeare aliweka wachawi watatu, Kurosawa akabakiza mmoja? Ni kizee mweupe pe, ameketi ndani ya kibanda cha vijiti katikati ya msitu, anasokota uzi kwa gurudumu, taratibu, kama mtu asiye na haraka na roho ya mtu. Anatabiri, anatoweka, na nyuma ya kibanda wanakuta malundo ya mifupa ya wapiganaji.

Halafu kuna huyu mama. Asaji, mke wa Washizu, ndiye Lady Macbeth, na aliyemcheza ni Isuzu Yamada. Muda mrefu anakaa sakafuni bila kutikisika, uso umetulia tuli, nyusi zimenyolewa zikachorwa juu kwenye paji, macho hayapepesi. Nakushauri usishindane naye, utapepesa wewe.

Siri ya uso huo ni kinyago. Kurosawa alikuwa mpenzi mkubwa wa Noh, maigizo ya jadi ya Kijapani yenye vinyago, filimbi na ngoma, ambayo yana zaidi ya miaka 600. Kila mwigizaji mkuu alionyeshwa picha ya kinyago cha Noh akaambiwa: huu ndio uso wako. Mifune akapewa cha shujaa wa vita, Yamada akapewa cha mwanamke aliyekaribia wazimu.

Mwendo wake nao ni wa Noh. Asaji anatembea nyayo zikiteleza sakafuni bila kuinuka, na wakati wote kinachosikika ni hariri ya vazi lake ikijisugua. Kwangu mimi hiyo ndiyo sauti ya kutisha kuliko zote humo, kuliko mishale.

Kuna sehemu moja lazima nikusimulie. Asaji anakwenda kuchukua pombe ya kuwalevya walinzi wa bwana wao, ili Washizu apate kumuua. Anaingia kwenye mlango wa giza totoro, giza linammeza mzimamzima, kimya. Halafu anaibuka kutoka gizani humohumo na mtungi mkononi. Hakuna radi, hakuna muziki wa kushtua. Mwanamke kafuata mtungi tu, na nywele zinakusimama!

Mauaji yenyewe ya bwana huyo, je, unayaona? Huyaoni hata kidogo. Washizu anatoka na mkuki badala ya jambia la Shakespeare, kamera inabaki na Asaji anayesubiri. Mume anaporudi, mikono imeganda kwenye ule mkuki wenye damu hata hawezi kuuachia, na mke ndiye anayeung'oa vidoleni mwake kisha akaenda kuupachika mikononi mwa mlinzi aliyelala.

Kurosawa alimwongezea Asaji kitu ambacho hakimo kwenye tamthilia: mimba. Mtoto wake ndiye kisingizio cha damu nyingine kumwagwa, na mtoto huyo anazaliwa mfu. Baada ya hapo ndipo mama anaanza kunawa mikono, ananawa, ananawa, na damu haitoki kwa sababu haipo.

Yamada huyo, mwaka 2000, alikuwa mwigizaji wa kwanza wa kike kupewa Nishani ya Utamaduni ya Japani. Na kule London enzi za Shakespeare, unadhani Lady Macbeth alichezwa na nani? Mvulana! Wanawake hawakuruhusiwa kupanda majukwaa yale.

Na ule msitu wa Macbeth unaotembea, upo? Upo, na ni balaa. Utabiri ulisema Washizu hatashindwa mpaka msitu uinuke uje ngomeni, na usiku kabla ya mwisho ndege wa porini wanajaa ukumbini mwake wakipiga mbawa, maana miti yao imekatwa. Asubuhi unaiona miti yenyewe inakuja kwenye ukungu, polepole, inayumba.

Je, wajua filamu hii nusura itangulie miaka kadhaa? Kurosawa alitaka kuitengeneza baada ya kumaliza Rashomon ya 1950, akasikia kwamba Mmarekani Orson Welles ameshatoa Macbeth yake ya 1948, akaiweka kando kwa adabu. Welles alipiga picha ya kwake kwa takribani wiki tatu tu. Kurosawa alisubiri zaidi ya miaka mitano, halafu akaenda kusomba udongo.

Oktoba 1957 London ilifanya tamasha lake la kwanza kabisa la filamu. Wakalifungua na filamu gani? Hiyohiyo! Waingereza walikaa kwenye ukumbi wao, mjini mwao, wakaonyeshwa Shakespeare wao akiwa amevaa deraya ya kisamurai.

Mwongozaji Mwingereza Peter Brook aliitazama akasema ni kazi kubwa kweli, ila haiwezi kuitwa Shakespeare kwa sababu maneno yake hayamo. Grigori Kozintsev, Mrusi aliyetengeneza Hamlet na King Lear zake mwenyewe, aliona kinyume, akaisifu mno. Mimi niko upande wa Mrusi: maneno yametupwa, kitisho kimebaki chote.

Umechoka? Vuta pumzi kidogo, turudi nyuma miaka mia nne na ushei. Shakespeare alifariki mwaka 1616. Mwaka huohuo Japani alifariki Tokugawa Ieyasu, mbabe aliyekomesha zile vita za ngome kwa ngome ambazo Kurosawa anatuonyesha. Yaani Shakespeare alipokuwa anatunga tanzia za wafalme wasaliti, Japani walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye mambo hayohayo, bila jukwaa.

Wajapani wenyewe walimpokeaje Shakespeare? Kwa furaha na bila woga. Mwaka 1903 Otojiro Kawakami aliiweka jukwaani Othello, lakini jemadari wa Venisi akageuka afisa wa Kijapani na kisiwa cha Kupro kikawa Taiwan, iliyokuwa koloni lao wakati huo. Desdemona alichezwa na mkewe Kawakami, Sadayakko, anayehesabiwa miongoni mwa waigizaji wa kwanza wa kike wa Japani ya kisasa.

Mwaka huohuo wa 1903 kundi la Kawakami likacheza Hamlet pia. Na Hamlet aliingia na nini? Baiskeli! Mwanamfalme wa huzuni anakuja anapiga pedali kupita katikati ya watazamaji. Ningetoa pesa nzuri kuwa nimekaa pale siku hiyo.

Je, wajua kuhusu Tsubouchi Shoyo, msomi wa Waseda? Mwaka 1884 alitafsiri Julius Caesar kwa mtindo wa maigizo ya vikaragosi ya Kijapani, na hakuishia hapo: kufikia 1928 alikuwa amemaliza kazi zote za Shakespeare. Zote! Chuo Kikuu cha Waseda kikamjengea jumba la makumbusho ya tamthilia, likafanana na ukumbi wa Fortune wa London ya kale, na bado liko Tokyo.

Subiri, hii inakuhusu. Mwalimu Julius Nyerere alipoamua kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alianza na tanzia ipi? Hiyohiyo ya Kaizari! Kitabu kilitoka mwaka 1963, mwenyewe akiwa Rais. Na Macbeth nayo ipo kwa Kiswahili: S. S. Mushi aliitafsiri, ikachapishwa 1968 kwa jina la Makbeth. Ukiipata, isome kabla ya kutazama filamu, uone Kurosawa kachukua nini na kaacha nini.

Haya, twende kwa Hamlet. Mwaka 1960 Japani ilipata filamu mbili zenye mbegu ya Hamlet ndani ya miezi miwili! Moja ni Honō no Shiro ya Tai Kato, yenye mapanga na ngome. Nyingine ni ya Kurosawa, na hiyo haina upanga hata mmoja: watu wamevaa suti, wanapanda magari, wanasaini mafaili.

Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama Waovu Hulala Usingizi Mnono; kwa Kiingereza ni The Bad Sleep Well. Hamlet ni katibu aitwaye Nishi, yule yule Mifune, sasa kavaa miwani. Ufalme wa Denmark umegeuka shirika la umma lililooza kwa rushwa za zabuni. Unaanza kutabasamu? Nilijua.

Filamu inaanza na harusi ya dakika 20 hivi. Nishi anamuoa binti wa bosi wake ili amfikie mtu aliyesababisha kifo cha baba yake, na polisi wanaingia kumkamata mshereheshaji mchana kweupe. Waandishi wa habari wamejipanga kando wanatutambulisha: huyu fulani, yule fulani, huyu kesi yake ilifutwa. Umbea mtupu, na ndani ya dakika hizo umeshayajua majina na madhambi yote.

Na keki! Inaletwa keki ya harusi iliyotengenezwa kwa umbo la jengo la ofisi. Kwenye dirisha moja la ghorofa ya saba limechomekwa waridi. Ni dirisha lilelile alikojirusha afisa mmoja, baba yake Nishi, akafa. Watazame wakubwa mezani wanavyobadilika sura. Hakuna anayethubutu kuomba kipande.

Wapenzi wa The Godfather wanajua inavyoanza: harusi ndefu, wageni wengi, siri pembeni. Francis Ford Coppola aliitengeneza mwaka 1972, naye ni mmoja wa wanaomhusudu Kurosawa waziwazi na kuisifu filamu hii. Zitazame mbili hizo usiku mmoja, kisha uniambie.

Mzimu wa Hamlet yuko wapi? Kurosawa ana mzimu aliye hai! Afisa mdogo Wada anataka kujiua, Nishi anamzuia, dunia nzima inaamini amekufa. Kisha Nishi anampakia kwenye gari akatazame mazishi yake mwenyewe kwa mbali, na hapohapo anamwekea kinasa sauti: wakubwa wake, waliotoka kuinamia picha yake kwa machozi, wamerekodiwa klabu wakicheka kwamba kafa vizuri. Baada ya hapo Wada anakubali kusimama usiku chini ya taa ya barabarani, uso mweupe, kumtia mkubwa mmoja wazimu.

Hamlet huyu anakufaje? Huonyeshwi. Shujaa wa filamu anauawa nje ya picha, tunasimuliwa na rafiki yake anayelia. Ni ukatili kwa mtazamaji aliyelipa kiingilio, na nadhani ulikusudiwa.

Mwisho wake umenikaa mpaka leo. Bosi mwovu amepoteza watoto wake, lakini kashinda, na sasa anaongea na simu na mkubwa kuliko yeye. Anainama mbele ya simu! Anainama tena. Huyo mkubwa hatumwoni wala hatusikii sauti yake, na filamu haitaji jina lake. Na hii ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya kampuni binafsi ya Kurosawa, aliyoanza nayo biashara kwa pesa zake zikiwa hatarini.

Sasa shika kiti. Tunaingia Ran.

Ran ilitoka 1985, Kurosawa akiwa na miaka 75, na ndiyo King Lear yake. Iligharimu kama dola milioni 11, ghali kuliko filamu yoyote ya Kijapani hadi siku hiyo. Fedha zilipatikana kwa msaada wa mtayarishaji wa Ufaransa, Serge Silberman.

Je, wajua haikuanza na Lear hata kidogo? Ilianza na Mori Motonari, bwana wa vita wa kweli wa Japani aliyefariki 1571, Shakespeare akiwa mtoto wa miaka saba. Hadithi inasema aliwapa wanawe watatu mshale mmojammoja, wakaivunja; akaifunga mitatu pamoja, haikuvunjika. Kurosawa akajiuliza: na kama watoto wangekuwa wabaya? Baadaye ndipo akaona kwamba swali hilo limekaa kitanda kimoja na la Lear.

Kwenye filamu mzee Hidetora anawapa wanawe mtihani huohuo. Mkubwa anavunja mmoja, wa pili anavunja mmoja, mitatu inawashinda wote. Mdogo, Saburo, anaichukua mitatu, anaipiga gotini, paa, imekatika! Baba anamfukuza kwa utovu wa adabu. Ndiye pekee aliyekuwa anampenda.

Mpenzi wa soka, hii yako: klabu ya Sanfrecce Hiroshima imechukua jina lake kwenye mishale hiyohiyo mitatu ya Mori. Nusu ya jina ni Kijapani na nusu Kiitaliano.

Mabinti watatu wa Lear wamegeuka wavulana: Taro, Jiro, Saburo. Ili usipotee vitani, kila mmoja ana rangi yake: manjano, nyekundu, buluu. Bendera zinafunika bonde zima, na bado unajua nani anamkimbiza nani.

Deraya na mavazi yalikuwa 1,400, yametengenezwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka miwili! Walioyavaa nao ni waigizaji wa ziada 1,400 hivi, pamoja na farasi 200, baadhi yao wakiwa wameletwa kutoka Marekani. Mbunifu wa maleba hayo, Emi Wada, aliondoka na Oscar.

Ngome mbili zinazoonekana humo zipo hadi leo na unaweza kwenda kuzitembelea: Himeji na Kumamoto. Ya tatu hutaiona. Ilijengwa kwenye miteremko ya Fuji, ikachomwa moto.

Usicheze na neno hilo, ikachomwa. Si mfano mdogo wa mezani, ni jengo zima, na nafasi ya kupiga picha ilikuwa moja tu. Tatsuya Nakadai, aliyemcheza mzee Hidetora, alitakiwa kutoka ndani akiwa ameshapagawa, ashuke ngazi bila kuangalia anapokanyaga, moshi na ndimi za moto nyuma yake, majeshi mawili mbele yanampisha. Angejikwaa, hakuna ngome ya pili. Hakujikwaa.

Nakadai mwenyewe hakuwa mzee! Alizaliwa 1932, hivyo alikuwa na miaka hamsini na kidogo, na kumzeesha kwa vipodozi kulichukua kama saa nne. Kila siku ya kazi, saa nne za kukaa kimya mbele ya kioo.

Kabla ya moto huo kuna vita, na vita hiyo haina sauti. Hakuna kelele, hakuna kwato, hakuna milio ya bunduki: dakika kadhaa za watu kuchinjana huku muziki wa Toru Takemitsu ukiomboleza juu yao. Halafu gobore moja linalia, Taro anaanguka kwenye farasi, na sauti zote za dunia zinarudi kwa mkupuo. Kama unatazama nyumbani, punguza sauti mapema.

Nani aliupiga muziki huo? Kurosawa aliitaka orkestra ya London. Takemitsu akang'ang'ania ya Sapporo, ya nyumbani, na akashinda. Kumshinda Kurosawa halikuwa jambo dogo; kwenye seti walimpachika jina la Mfalme Mkuu.

Mchekeshaji wa Lear naye yumo, anaitwa Kyoami. Aliyemcheza ni mwimbaji na nyota wa burudani wa Japani ajulikanaye kwa jina la jukwaani la Peter. Na usimsahau Lady Kaede, mkwe wa Hidetora, ambaye katikati ya kilio cha uongo anamwona nondo, anamponda, kisha anaendelea kulia. Huyo Shakespeare hakumwandika. Ni mali ya Kurosawa.

Nani mwingine alikuwa kwenye seti? Ishiro Honda, mwongozaji wa Godzilla ya kwanza ya 1954! Walikuwa marafiki tangu ujana na Kurosawa, na kwenye Ran alikuja kumsaidia kuongoza. Yule jitu la baharini na King Lear wana mkunga mmoja.

Miaka kumi hivi Kurosawa aliishi na Ran kabla ya kuipata. Fedha hazikupatikana, basi akawa anaipaka rangi: mchoro baada ya mchoro, picha moja baada ya nyingine, maana utotoni alitaka kuwa mchoraji. Wakati wa kazi wenyewe ulipofika macho yake yalikuwa yameharibika vibaya, na wasaidizi wakapanga kamera kwa kutazama michoro ile. Filamu yenye rangi kali kuliko zote alizowahi kutengeneza, aliiongoza akiwa haoni vizuri.

Mapema 1985, kazi ikiwa bado inaendelea, mkewe Yoko Yaguchi alifariki. Kurosawa alisimamisha kazi siku moja.

Je, wajua Japani haikuipeleka Ran kushindania Oscar ya filamu ya kigeni? Mwongozaji wa Marekani Sidney Lumet akaanzisha kampeni, Kurosawa akateuliwa kuwania tuzo ya mwongozaji bora. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho, na hakushinda. Waingereza, wenye Lear wao, wakaipa tuzo ya BAFTA ya filamu bora isiyo ya Kiingereza.

Sasa unadhani mzee wa miaka 75, mjane, macho yamefifia, aliyeteketeza ngome nzima, alikwenda kupumzika? Aliongoza filamu tatu nyingine. Ya mwisho, Madadayo, ilitoka 1993, yeye akiwa na miaka 83.